Matuta Arobaini na Matano

Jumatatu, 4 Novemba

Fidelia amepiga simu tena kutoka Makambako. Binti yangu ana duka la vifaa vya ujenzi karibu na stendi, na sauti yake ya simu ni ileile anayowatolea wateja, fupi na isiyoacha nafasi ya kupatana. Amesema amepata mtu anayetaka kukodi shamba la marehemu mama yake apande mipaini, na mimi nihamie kwake, kuna chumba nyuma ya duka. Nikamwambia shamba lina kazi mwaka huu.

"Kazi ya nani, baba?"

Mwishowe tumekubaliana hivi: viazi vikiwa ardhini, shamba zima, kufikia Jumamosi ya tarehe 14 Desemba, hatalizungumzia tena. Visipokuwa, siku hiyo atakuja na huyo mtu wa mipaini, nami nitatia saini.

Mipaini huvunwa baada ya miaka kumi na mitano na zaidi. Mimi nina sabini na mbili. Hesabu hiyo haihitaji kalamu.

Rebeka, mke wangu, alifariki Agosti, wakati wa baridi kali. Viazi vya mbegu alivyovitenga mwenyewe viko darini na vimeanza kuchipua bila kumuuliza mtu. Shamba lake liko mteremkoni nyuma ya nyumba, linatoshea matuta arobaini na matano. Hakulilima peke yake hata mwaka mmoja. Alikuwa katika kikundi cha kulimiana cha watu tisa hapa kijijini, nje kidogo ya mji wa Njombe. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi wote tisa huenda kwa mmoja, mpaka kila mtu amefikiwa. Baada ya msiba waliniambia nikae mahali pake. Zamu yetu, yaani zamu yangu, ni ya mwisho, tarehe 23.

Hesabu ya kazi na muda nimeifundisha tangu nikiwa kijana mpaka nilipostaafu. Watu tisa wanainua matuta arobaini na matano kwa siku moja. Basi mtu mmoja kwa siku moja anainua matano. Ukishapata ya mmoja, mengine yote yanafuata: ya watu wanne, ya watu ishirini, ya nusu siku. Wanafunzi walipokwama niliwaambia neno moja tu: mtafuteni mmoja.

Jumanne, 5 Novemba

Leo tumeanza kwa Yudita, mwenyekiti wetu. Nilimfundisha darasa la saba. Sasa ana wajukuu, na bado ananiita Mwalimu kana kwamba nitamtuma chaki.

Nilifika na jembe la Rebeka. Bibi Beatrisi, ambaye ni mkubwa wangu kwa mwaka mmoja au miwili na alikuwa rafiki wa mke wangu, alinipokea kwa kicheko na salamu ya kwetu.

"Kamwene, shemeji! Jembe hilo linakujua?"

"Tutajuana leo."

"Lenyewe lina uzoefu. Lifuate tu."

Udongo bado mkavu, mvua haijanyesha ya kutosha. Nilikuwa nimeinua tuta moja wenzangu walipoanza la tatu. Mchana, nikiwa katikati ya tuta langu la pili, nikamwona Alfonsi amesimama upande wa pili wa tuta hilohilo analima kuja kwangu. Alfonsi ni mtu wa Makete aliyehamia huku, ana mikono kama mashine. Nikamwambia aniache, nataka kumaliza langu mwenyewe. Akanitazama kidogo, akainua mabega, akaenda.

Nimeinua mawili. Si matano, mawili. Nimekuja nyumbani nikiwaza hilo zaidi ya mgongo.

Alhamisi, 7 Novemba

Mawili tena. Ukungu mpaka saa tano.

Jumapili, 10 Novemba

Jambo dogo la hesabu. Tulipokuwa wawili, sado moja ya unga wa ugali, yaani ndoo ndogo ya lita nne, ilitupeleka siku nne. Kwa uwiano wa kawaida mtu mmoja angeila kwa siku nane. Sado niliyoifungua baada ya wageni wa msiba kuondoka ilichukua siku kumi na moja. Nilidhani nimekosea, nikapima iliyofuata. Kumi na mbili.

Ningekuwa darasani ningesema swali lina kasoro. Lakini halina. Aliye peke yake hali nusu ya wawili. Hata nusu hiyo haimalizi.

Jumanne, 12 Novemba

Kwa Bibi Beatrisi. Nimeanza kuangalia nani anainua mangapi, kwa sababu mawili yangu yananiuma na nataka kujua uzito wake. Tuta likikamilika, namtazama aliyesimama pale lilipokamilikia, nampa yeye.

Alhamisi, 14 Novemba

Mvua ya kwanza ya maana, usiku kucha hadi alfajiri. Bati la nyumba linavuja palepale pa siku zote. Kazini udongo ulikuwa laini, nikadhani nitapata matatu. Mawili.

Jumamosi, 16 Novemba

Hesabu imekamilika. Kwa siku moja Alfonsi na Yudita wanainua saba kila mmoja. Wanne walio katikati wanainua ishirini na matatu kwa jumla. Bibi Beatrisi matatu. Jackline matatu, ni mjamzito wa miezi minane na mumewe yuko Lupembe, anaendesha lori la kukusanya majani ya chai. Mimi mawili. Jumla ni arobaini na matano, inakubali.

Sasa angalia. Zamu zikizunguka kwa watu wote tisa, mimi ninatoa mara tisa mawili, yaani kumi na manane. Ninapokea arobaini na matano. Ishirini na saba ni jasho la wengine. Siwezi kulala juu ya matuta ya watu. Kesho baada ya ibada nitawaeleza wazi, niombe wanilimie yale kumi na manane tu ninayostahili. Naona hii ni heshima. Rebeka alitoa sawa na wote. Sitaki mahali pake pawe pa mdoezi.

Jumapili, 17 Novemba

Nimeharibu.

Tulikaa barazani kwa Yudita baada ya ibada, wote tisa, mvua inanyesha nje, chai na viazi vya kuchemsha katikati. Nilikuwa nimeandika namba nyuma ya karatasi ya kalenda ya mwaka jana, kwa herufi kubwa. Nikaibandika ukutani, nikaeleza taratibu kama nilivyozoea: kwanza ya mtu mmoja kwa siku moja, kisha ya zamu zote tisa. Nikamaliza kwa ombi langu la matuta kumi na manane.

Yudita alikuwa anamenya kiazi. Akakiweka chini.

"Mwalimu, nani alikuomba hesabu?"

"Hakuna, mwanangu. Ni haki tu."

"Acha aseme," Alfonsi akadakia. Alikuwa ameinuka, ameisogelea karatasi. "Mimi hapo ni saba?"

"Saba kwa siku. Kwa zamu zote, sitini na matatu."

"Na napokea?"

"Arobaini na matano, kama kila mtu."

Akapiga mluzi. "Kwa hiyo kumi na manane yangu yanakwenda wapi?"

Karatasi ilikuwa imejibu. Macho yalishuka hadi mistari ya chini, na kutoka hapo yakaenda kwa watu wenyewe. Nilitaka kusema kwamba nilikuwa najizungumzia mimi. Namba hazina mlango wa kumtoa mtu mmoja na kuwaacha wengine; ukiandika lako umeandika na la jirani yako. Hilo nililijua kwa miaka yote na sikulikumbuka asubuhi ya leo.

"Langu ni ngapi, shemeji?" Bibi Beatrisi akauliza. "Macho yangu hayafiki huko. Usinifiche, mimi si mtahiniwa."

"Matatu."

"Matatu! Nilidhani mawili. Asante kwa kunipandisha darasa."

Watu wakacheka, na kwa kitambo kidogo nilidhani tumepona. Ndipo Jackline akasema, bila kuinua sauti, huku akiitazama karatasi:

"Mwalimu. Zile siku ulizokuwa unalima karibu yangu, unaniuliza mtoto anachezaje, ulikuwa unanihesabu?"

Nikasema ndiyo, kwa sababu ilikuwa kweli. Akajifunga kitenge vizuri, akachukua mwavuli, akaondoka. Bibi Beatrisi akamfuata, pole pole, akiegemea nguzo za baraza. Hakutania tena. Alfonsi akasema yeye ana watu wa kuwalimia kwa kibarua mjini, na kama mambo ni ya kuhesabiana basi atahesabiwa huko. Naye akatoka.

Yudita akabandua karatasi, akaikunja mara nne, akanipa.

"Ichukue, Mwalimu. Hapa ndani kuna watoto."

Jumanne, 19 Novemba

Kwa Nelly, mmoja wa wale wanne wa katikati. Tulifika sita. Jioni yalibaki matuta kumi na matano bila kuguswa, na Nelly akabaki anayatazama. Hakuna aliyeongea nami zaidi ya salamu. Hakuna aliyeninyima salamu pia. Watu wa huku hawanyimani hiyo.

Alhamisi, 21 Novemba

Ilikuwa zamu ya Jackline. Nilisimama njia panda na jembe hadi saa tatu, hakupita mwenzetu hata mmoja. Kisha nikarudi.

Jumamosi, 23 Novemba

Zamu yangu.

Anayelimiwa ndiye anayepika. Jana nililoweka mahindi na maharage ya makande. Rebeka alikuwa na bakuli la bati: mawili ya mahindi na moja la maharage kwa watu watatu. Kwa tisa ni sita na matatu. Nikafikiri: wakija sita je, wakija wanne? Halafu nikaona aibu kupima watu tena, nikapika ya tisa. Niliamka mapema nikaweka sufuria kubwa motoni. Nikafagia njia ya kushukia shambani.

Saa moja hakuna mtu. Saa mbili alipita mtu na baiskeli ya mkaa akaniamkia. Saa nne ukungu ukaondoka, nikaona kijiji chote hadi barabarani. Yudita alikuwa shambani kwake anapalilia mahindi, mgongo kwangu.

Sufuria lilichemka vizuri. Makande yaliiva yote kwa wakati mmoja, hakuna hata punje ngumu. Nilikula sahani moja mlangoni.

Jumapili, 24 Novemba

Makande.

Jumatatu, 25 Novemba

Makande. Nimeanza shamba peke yangu. Matatu! Labda mgongo umezoea.

Jumanne, 26 Novemba

Mawili. Mengine ya makande nimemwaga, yamechacha.

Alhamisi, 28 Novemba

Jana mawili, leo moja, kisha mvua ya mawe. Nilijikinga chini ya miparachichi, maji yakiingia viatuni.

Pale nilikumbuka maneno ambayo vitabu vyote vya hesabu huyaandika kabla ya swali la kazi: tuchukulie kwamba kila mtu anafanya kazi kwa kasi ileile. Nilikuwa nayasoma haraka ili tufike kwenye namba. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kuuliza kama mtu akiwa peke yake anafanya kazi kwa kasi ileile aliyonayo akiwa na wenzake. Wangeniuliza ningesema ndiyo. Kwa wenzangu, jembe la jirani lilinivuta. Likipanda, la kwangu linapanda. Hapa ukilishusha linakaa chini, na hakuna wa kushangaa.

Jumamosi, 30 Novemba

Jana mawili, leo mawili. Jumla ya wiki ni kumi na mawili. Yamebaki thelathini na matatu, na ukitoa Jumapili nina siku kumi na moja za kazi. Yanatakiwa matatu kila siku bila kukosa hata moja. Ninayapata mawili. Kwa hiyo tarehe 14 yatakuwa yamebaki kumi na moja, na hiyo ni kama mgongo hautagoma.

Jumatatu, 2 Desemba

Fidelia kwenye simu. "Shikamoo baba. Unaendeleaje na shamba?"

"Marahaba. Naendelea."

"Wangapi mnalima?"

Nikamwambia ukweli.

"Baba, ukianguka huko shambani nani atakuona?"

"Barabara haiko mbali."

"Sikuuliza barabara."

Mvua imenyesha siku nzima. Sikutoka.

Jumanne, 3 Desemba

Leo nilikuwa naelekea shambani kwangu nikapitia kwa Jackline, njia ndiyo hiyo. Alikuwa ndani ya shamba lake, tumbo mbele, anainua tuta kwa magoti. Kwa magoti kweli: ameweka gunia chini, anachimba kwa jembe lenye mpini mfupi, anasogeza gunia. Mama mkwe wake alikuwa mlangoni na mjukuu mgongoni, analia kuliko mtoto.

Nilisimama pale na hesabu yangu kichwani. Nikilima kwangu, baada ya mvua ya jana, kumi na matatu yatabaki. Nikilima hapa, yatabaki yote thelathini na matatu, na mipaini itapandwa. Sikuona tofauti kubwa kama nilivyotarajia. Kushindwa kwa kumi na matatu na kushindwa kwa thelathini na matatu huishia katika chumba kilekile nyuma ya duka.

Nikaingia. "Habari za asubuhi, mwanangu."

Akasogeza gunia. Kisha akasema, "Mwalimu, umepotea njia? Kwako ni kule."

"Kwangu nakujua."

Nikaanza tuta la kando yake. Tulilima hivyo mpaka adhuhuri. Mama mkwe alileta togwa, vikombe viwili. Jackline alikinywa cha kwake amekaa juu ya gunia, akasema, akitazama kando:

"Leo sihesabu, lakini naona umefika mawili."

"Nimefika mawili."

"Basi kapumzike. Ukifia kwangu watasema nilikulipizia."

Jumatano, 4 Desemba

Kwa Jackline tena. Nimemzuia kulima. Amekaa pembeni anachagua mbegu.

Alhamisi, 5 Desemba

Mvua ndogo, ile isiyozuia kazi. Nilikuwa katikati ya tuta la kwanza nikasikia jembe mbele yangu. Bibi Beatrisi alikuwa ameanzia upande wa pili, anakuja kwangu.

"Nimeambiwa mwalimu wa hesabu amesahau namba ya nyumba yake," akasema.

"Nani amekuambia?"

"Kijiji kizima. Unadhani wewe tu ndiye mwenye macho ya kuhesabu?"

Tulisogeleana, yeye kipande kwake, mimi kipande kwangu. Tulipofikiana, majembe yakagongana kidogo. Nikageuka nyuma kuangalia, kwa mazoea, nione nimefika wapi. Udongo wote ulikuwa umeshaungana, mbichi, wa rangi moja. Sikuweza kuonyesha mahali.

"Unatafuta nini, shemeji?"

"Sijui langu limeishia wapi."

"Ndiyo," akasema, akatema mate pembeni. "Twende lingine."

Jumamosi, 7 Desemba

Walikuja wote isipokuwa Alfonsi. Shamba la Jackline limekwisha na mbegu ziko ndani. Hakuna aliyeeleza kwa nini amekuja, wala hakuna aliyeuliza.

Wakati wa kurudi Yudita alitembea nami.

"Mwalimu, nikuulize. Tuta la Jackline ulilihesabu vipi? Maana mimi nikimaliza langu naenda kuanzia mwisho wa la kwake, tunakutana."

Nikamweleza: nilimpa yule aliyesimama pale lilipokamilika.

"Basi nusu ya kazi yake ulinipa mimi. Na vipande vya Bibi Beatrisi vikaenda kwa Alfonsi. Hata hayo saba si saba."

"Nimeliona hilo juzi. Ningegawa kila tuta kwa urefu, ningepata..."

"Mwalimu." Alisimama. Ni mtu mzima, lakini alinitazama kama anayeogopa kumsahihisha mwalimu mbele ya darasa. "Tunakutana makusudi. Mama zetu walitufundisha hivyo. Ni ili isijulikane nani ameishia wapi. Ukijua, kikundi kimekufa. Mama Fidelia mwaka wake wa mwisho alikuwa anainua moja. Moja na kipande. Hakukuambia?"

Hakuniambia. Alirudi jioni, akaoga, akapika, akasema tumemaliza kwa fulani. Daima tumemaliza. Nami nilikaa ndani na gazeti, nikadhani wingi wa "tu" ni namna tu ya kusema.

"Hakuniambia," nikasema.

"Basi. Alhamisi tunamalizia kwa Nelly yale kumi na matano. Jumamosi ni kwako."

"Jumamosi ni tarehe 14."

"Tarehe yoyote. Ni zamu yako."

Jumatano, 11 Desemba

Mgongo umegoma. Nimelala. Redio imeisha betri.

Alhamisi, 12 Desemba

Kwa Nelly tumemaliza. Jioni nilimpigia Fidelia asije Jumamosi, aje wiki inayofuata. Akasema mtu wa mipaini ameshapanga gari.

Jumamosi, 14 Desemba

Walifika saa moja na ukungu wao. Alfonsi hakuja. Anafanya kibarua mjini na sidhani atarudi. Hilo nimelifanya mimi, na wenzangu wanalibeba. Jackline alishuka na kikapu cha mbegu, akakaa juu ya kiti alicholetewa, anamwekea kila mtu viazi katika ndoo. Kwa hiyo wa majembe tulikuwa saba. Kulikuwa na matuta thelathini na matatu. Nilikataza kichwa changu kugawanya, hakikunisikia, lakini mdomo niliufunga.

Waliimba. Mimi sijui maneno ya nyimbo zao, Rebeka alikuwa anazijua. Kila nilipoinua macho kulikuwa na mtu anakuja kutoka upande wa pili, mara Nelly, mara Yudita, na safari hii sikumfukuza mtu.

Saa saba mvua ilikuwa imeanza kujikusanya upande wa Makete. Gari dogo jeupe likasimama juu barabarani. Fidelia alitelemka amevaa viatu vya mjini, nyuma yake mwanamume mnene mwenye koti la mvua. Akasimama ukingoni, akawatazama watu wote hawa.

"Mwenye shamba ni nani hapa?" yule mwanamume akauliza.

"Yule wa mwisho kule," Bibi Beatrisi akajibu bila kuinuka. "Anayekokota jembe kama mkia."

Wakacheka, na Fidelia akacheka pia kabla hajajizuia. Kisha mvua ikamwagika. Ilikuwa ya kweli, ile inayogeuza njia kuwa mto. Kila mtu akakimbilia chini ya paa la jikoni, tukabanana na moshi na sufuria la makande. Yule wa mipaini alibaki garini.

Fidelia aliweka mkono juu ya macho, akachungulia shamba kupitia mvua. Ni mtoto wangu huyu, alikuwa anahesabu.

"Yamebaki saba, baba."

"Saba."

"Tulisema shamba zima."

"Tulisema."

Wenzangu wakaanza kupakuliana makande. Makubaliano niliyafanya mwenyewe, kwa maneno yangu, nikiwa na akili zangu. Honi ikalia juu barabarani, mara mbili. Gari lilikuwa linaanza kuteleza na mwenyewe alitaka kuondoka kabla barabara haijaharibika.

Fidelia hakuitikia honi. Alikuwa ameingia ndani kwangu kutafuta kitambaa cha kujifutia. Alikaa humo kwa muda. Najua alichokiona: kitanda kimoja kimetandikwa upande mmoja tu, sahani moja kwenye kichanja, ndoo chini ya bati linalovuja. Alipotoka, sauti ya dukani ilikuwa imemtoka. Hakuniuliza mimi. Alimgeukia Yudita.

"Dada, nikuulize. Siku asipotoka nje asubuhi, nani atajua?"

Yudita alimaliza kutafuna.

"Jumanne tutajua. Alhamisi tutajua, na Jumamosi," akasema. "Jumapili mchungaji atajua. Siku nyingine ajitahidi."

Fidelia alianza kucheka, na kicheko kikamgeukia katikati, akageuza uso ukutani. Bibi Beatrisi akamsogezea sahani. "Kula, mwanangu. Baba yako kapika ya watu tisa, na leo wapo."

Kweli tulikuwa tisa. Sikuwa nimetazama.

Alikula amesimama. Kisha akapanda kwenye mvua hadi garini, akaongea na yule mtu dirishani. Sikusikia walichosema. Gari likarudi nyuma, likageuka, likaondoka na Fidelia ndani yake, kwa maana hapakuwa na usafiri mwingine wa kumfikisha Makambako leo. Hakuna karatasi iliyoletwa, hakuna kalamu. Wenzangu waliondoka mmoja mmoja mvua ilipopungua.

Jumapili, 15 Desemba

Fidelia alituma ujumbe alipofika. "Bati nitakuletea Januari. Mwambie yule bibi makande yalikosa chumvi."

Nyumba iko kimya. Nilidhani baada ya jana kimya kingekuwa tofauti. Ni kilekile, nimekaa nacho mchana kutwa, nimekula nusu ya nilichopika, nimemwita Rebeka mara moja kwa kusahau. Hesabu ya hilo sina, na sitaitafuta.

Jumanne tunamalizia hapa. Watu saba, matuta saba. Darasa la tatu wangelijibu kwa kuinua mikono, na wangekosa.

Jembe lilikuwa linacheza kwenye mpini jana. Nimelilaza ndani ya ndoo ya maji ili mti uvimbe ukaze.